Kisima chenye floraidi: kifungwe ama kiachwe?

Katibu wa Kikundi
Majirani, habari za jioni. Wengi mmeona picha ya ile karatasi ya maabara inayozunguka kwa simu tangu Jumatatu. Ni ya kweli na ni ya kisima chetu, hiki cha kikundi huku Kiamunyi, Nakuru. Floraidi, ile madini ya asili inayotia meno madoa ya kahawia ikizidi, imepita miligramu 1.5 kwa lita, ambacho ndicho kiwango cha Shirika la Afya Duniani na ndicho Kenya inafuata. Kamati imegawanyika katikati. Kuna wanaosema kioski cha maji kifungwe leo, kuna wanaosema tuendelee kuuza tukitafuta mbinu. Jumamosi tuna mkutano. Semeni yenu hapa kabla hatujakaa, na naomba tusitukanane.

Fundi Mabomba
Katibu, imepita kwa ngapi? Hiyo picha imekatwa pembeni. Mimi naona 3.1, mke wangu anaona 8.1. Si hesabu moja hiyo. Kwa 3 tunaanza kuulizana, kwa 8 tunazungumza mambo ya mifupa ya mtu kukakamaa.

Mkaaji wa Tangu Zamani
Floraidi imetungoja hapa tangu Menengai ilipokuwa inatapika moto. Mwamba wote huu wa Bonde la Ufa ni wa volkeno, maji yakikaa ndani yake miaka na miaka lazima yatoke nayo. Ukichimba futi 400 unatarajia upate nini, maziwa? Mzee wangu alikunywa haya maji akazeeka na fimbo mkononi. Fungeni muone watu watakunywa nini.

Binti wa Milimani
Ndiyo tunaona. Mtu wa huko hahitaji kitambulisho, akicheka tu tunajua anatoka wapi. Mmezoea meno ya chokoleti mpaka mnayaita urithi.

Muuguzi wa Zamu
Naomba kusema mambo mawili kabla hamjaendelea. Kwanza, meno ya mtu mzima hayabadiliki rangi kwa maji ya leo. Meno huharibika yakiwa bado yanaundwa ndani ya ufizi, kuanzia kuzaliwa mpaka karibu miaka minane. Kwa hivyo wa kulindwa kwanza ni watoto wadogo. Pili, ukifunga kioski kabla hujaleta maji mengine, watu wataenda mtoni na kwa visima vya kuchimba kwa mkono karibu na vyoo. Floraidi inachukua miaka kukuonyesha uso wake. Kipindupindu kinamaliza mtu kwa siku moja. Mimi ningesema kisima kibaki cha kufulia, kuogea na kupigia deki, halafu kila nyumba yenye mtoto itenge mtungi wake wa maji ya mvua au ya mto yaliyotibiwa, ya kunywa na kupikia tu. Na tafadhali, kuchemsha hakuondoi floraidi. Maji yakipungua kwa mvuke, yenyewe inabaki sufuriani.

Baba Watatu
Binti wa Milimani, umesema chokoleti? Mimi ni mtu mzima, nina watoto watatu, na hayo meno unayocheka ndiyo niliyokwenda nayo kutafuta kazi ya mapokezi katika hoteli moja. Waliniita vizuri kwa barua. Nilipofungua mdomo kusalimia, yule mama aliyekuwa akihoji akaangalia karatasi zake na hakuniangalia tena mpaka nikatoka. Tangu siku hiyo nikipigwa picha nafunga mdomo. Sasa wewe uliyelelewa kwa maji ya chupa unakuja hapa kutuchekea.

Binti wa Milimani
Sijamtaja mtu. Aliyeguswa anajijua.

Kijana wa Bahati
Aliyeguswa anajijua! Haya, hapo ndipo mjadala umekufa. Mimi nimekula mahindi nikingoja ngumi.

Mama Njoro
Msichana, nyinyi huko Milimani mnakunywa maji ya mfereji yaliyotoka visima hivi hivi vya Bonde la Ufa. Nani alikuambia bomba linachuja floraidi? Klorini inaua vijidudu, floraidi haiigusi. Uliza kampuni yenu ya maji ni lita ngapi zinatoka mto Turasha na ngapi zinatoka visimani kabla ya kututemea mate.

Binti wa Milimani
Mama, kwa heshima, sijatema mate. Nimesema ukweli kwa njia ya mzaha. Meno yangu mimi mwenyewe yana madoa mawili huku mbele, nilizaliwa Lanet.

Mama Njoro
Basi ndiyo unajificha nyuma ya wengine.

Mwalimu Mstaafu
Vijana, haya mambo si ya Nakuru peke yake. Kule Colorado, Marekani, kulikuwa na daktari wa meno anaitwa McKay aliyefika mwaka 1901 akakuta watu wazima na watoto wana meno ya kahawia. Alihangaika miaka thelathini hivi mpaka wakemia wakapata mwaka 1931 kwamba ni floraidi kwenye maji. Lakini aliona pia kwamba hayo meno yenye madoa yalikuwa hayaozi kirahisi. Ndiyo maana mwaka 1945 mji wa Grand Rapids ukaanza kuiongeza floraidi kwenye maji yake, kwa makusudi.

Mkaaji wa Tangu Zamani
Mnaona! Wazungu wanainunua kwa pesa, sisi tunapewa bure na tunalia.

Mwalimu Mstaafu
Mzee wangu, soma mpaka mwisho. Wanaongeza kidogo mno. Siku hizi Marekani wanapendekeza miligramu 0.7 kwa lita. Hiyo ni chini ya nusu ya 1.5. Na huku kwa joto letu mtu anakunywa maji mengi zaidi kwa siku.

Shemeji wa Kakamega
Mimi nimeoa hapo Nakuru kwa hivyo nina haki ya kusema. Mnalaumu kisima lakini hamuangalii sufuria. Magadi mnayotia kwenye maharagwe na githeri yana floraidi ya kutosha. Mtoto anakula githeri ya magadi kutoka akiwa na meno mawili. Hiyo kaunti ikichimba kisima Mlima Kenya na mkiendelea na magadi, bado.

Nyar Kisumu
Shemeji, wewe wa Kakamega ndiye wa kutuambia habari ya magadi? Mboga ya mrenda mnapikia nini?

Shemeji wa Kakamega
Mrenda wa nyumbani hupikwa kwa munyu wa asili, ule wa kuchuja jivu la majani ya maharagwe na maganda ya ndizi. Magadi ni ya watu wa mjini wenye haraka.

Nyar Kisumu
Uongo mtupu. Nimekula kwenu mara nyingi. Nimemwona mama wa nyumba akifungua karatasi, anamega kipande cheupe, anadondosha kwenye sufuria, na povu linapanda hivi. Jivu halina povu la namna hiyo.

Shemeji wa Kakamega
Hiyo nyumba uliyokula haikuwa ya Kakamega halisi.

Omwana wa Mumias
Mimi nataka kujua Kakamega halisi inaanzia wapi. Kwetu mrenda bila magadi ni maji ya majani tu.

Mama Njoro
Na bila magadi maharagwe yatawaka kuni hadi usiku. Wenye gesi ndio wa kusema acheni magadi.

Kijana wa Kericho
Na chai je? Jani la chai lina floraidi pia, nilisikia. Mnataka kutufilisi?

Nyar Kisumu
Nyinyi mkifa kwa chai mmekufa mkiwa kazini.

Katibu wa Kikundi
Jamani. Kisima.

Fundi Mabomba
Katibu hajajibu. 3 ama 8?

Katibu wa Kikundi
Karatasi yenyewe iko kwa mweka hazina. Amesafiri, yuko Molo kwa mazishi.

Baba Watatu
Haiwezekani. Afya ya watoto imefungiwa kwenye mkoba wa mtu mmoja Molo? Mimi msimamo wangu uko wazi, kifungwe. Sitaki mtoto wangu wa mwisho afungiwe mlango kama mimi nilivyofungiwa.

Mama Kioski
Baba Watatu, tuseme ukweli leo. Wewe shemeji yako ana bowza, lori la kuuza maji. Kioski kikifungwa mtungi wa lita ishirini utapanda kutoka shilingi tano mpaka ishirini, na ni bowza litakuwa linakuja. Ama nadanganya?

Baba Watatu
Nimekuambia shida ya uso wangu na wewe unanijibu habari ya bowza. Shemeji yangu halali kwangu. Na yeye anachota Gilgil, maji ya mto, hayana hii balaa.

Mama Kioski
Gilgil kwa maneno. Nani amewahi kufuata hilo bowza likaonekana linachota wapi? Punda wa hapa wanapakia palepale kwangu, wanaenda mita mia tano, wanauza ishirini na kusema ni maji ya Turasha. Nimewaona kwa macho yangu, mtungi wa njano una alama yangu ya rangi nyekundu kwenye kifuniko.

Kijana wa Bahati
Kwa hivyo maji ya Turasha yana kifuniko chekundu. Tumejua leo.

Muuguzi wa Zamu
Kuna mtu amesoma nilichoandika kuhusu mtungi wa mtoto?

Mkaaji wa Tangu Zamani
Nimesoma, binti yangu, lakini mvua ya hapa unaijua. Januari na Februari utakinga nini, vumbi?

Muuguzi wa Zamu
Mtoto mdogo hahitaji mtungi wa lita ishirini kwa siku, mzee. Ni lita chache za kunywa, uji na chai yake. Tangi dogo la lita mia tano likijaa Aprili na Mei linamfikisha mbali, na ukiwa na watoto wawili unaongeza la pili. Sisemi ni rahisi. Ninasema ni rahisi kuliko kubishana.

Kijana wa Bahati
Hiyo ya mwisho imetupata wote.

Mfuasi wa Itare
Mngojee tu bwawa la Itare, la kutuletea maji ya mto. Likikamilika, floraidi itakuwa hadithi ya mababu.

Mama Njoro
Ujenzi wa bwawa la Itare ulisimama 2018. Tunakufa tukingoja.

Fundi Mabomba
Basi mimi nitoe la ufundi. Kuna chujio la mifupa. Mifupa ya ng'ombe inachomwa kwa tanuru yenye hewa kidogo, kama nyuzi 400 za Selsiasi hivi, mpaka nyama na mafuta yote yaishe, halafu inasagwa punje punje na kujazwa kwenye ndoo. Maji yakipita, madini ya mfupa yanashika floraidi. Dayosisi ya Kanisa Katoliki hapa Nakuru walifanya hiyo kazi miaka mingi, tangu mwisho wa miaka ya 1990. Ikichomwa vibaya maji yanatoa harufu, ikichomwa kupita kiasi haishiki tena. Kwa hivyo si kazi ya kuchomea nyuma ya nyumba na mkaa.

Bi. Shariffa wa Bondeni
Asante fundi, lakini mimi nauliza kwa nia njema. Ng'ombe aliyechinjwa na nani? Na mtu akiniambia ni mifupa ya machinjio yote kwa pamoja, mimi hapo naweka kikombe chini.

Fundi Mabomba
Dada, imechomwa ikabaki madini tu, hata chembe ya nyama haimo.

Bi. Shariffa wa Bondeni
Nimekusikia. Bado nauliza. Hilo ni swali la sheikh, si la tanuru.

Shemeji wa Kakamega
Na ng'ombe wenyewe wamekunywa maji gani maisha yao yote? Kama ni ya Nakuru, mfupa umeshajaa floraidi tayari.

Fundi Mabomba
Hapo shemeji umeuliza kitu cha maana kwa mara ya kwanza.

Nyar Kisumu
Mara ya kwanza tangu mrenda.

Fundi Mabomba
Mfupa wa kawaida bado una nafasi nyingi ya kushika, ndiyo maana inafanya kazi. Shida yenyewe iko kwingine. Chujio likijaa halikuambii. Maji hayabadiliki rangi, hayabadiliki ladha, yanapita tu vilevile. Mtu anajua amelindwa kumbe ni mwaka wa pili anakunywa bila chujio. Ni lazima mtu awe anapima, na punje zibadilishwe kwa wakati. Nani atapima? Kikundi ambacho karatasi yake iko Molo?

Katibu wa Kikundi
Fundi, hiyo ya Molo imeshaumiza.

Mwalimu Mstaafu
Napendekeza kioski kibandike namba ukutani. Kila kisima, mwezi uliopimwa, floraidi ngapi. Mtu anunue akijua. Hayo ya kufunga na kutofunga yangepungua nusu.

Mama Kioski
Mwalimu, ukinibandikia namba ukutani, wa kwanza kusoma atakuwa mwenye bowza. Kesho yake amepaka namba yangu kwenye bowza lake.

Baba Watatu
Mama, mbona kila kitu ni bowza? Bowza limekukosea nini?

Mama Kioski
Limenikosea wateja.

Binti wa Milimani
Baba Watatu, ile ya hoteli sikujua. Mzaha wangu ningeuacha tu.

Baba Watatu
Sawa.

Mama Njoro
Sawa peke yake? Mimi bado sijamaliza na yeye. Lanet ya wapi?

Binti wa Milimani
Ya kambini, mama. Baba alikuwa askari.

Mama Njoro
Eh. Basi baba yako anitafute, nadhani tulisoma pamoja.

Katibu wa Kikundi
Mweka hazina amenijibu sasa hivi. Ni 3.1. Anasema ule mstari unaofanya ionekane 8 ni mkunjo wa karatasi.

Fundi Mabomba
Basi tungali kwenye meno, ila tunakaribia kwenye mifupa. Shirika la Afya Duniani wanataja 3 mpaka 6 kwa mifupa kuanza kuathirika, kama sijakosea.

Mkaaji wa Tangu Zamani
Mzee wangu alikuwa na fimbo kwa ajili ya heshima, si mifupa.

Mama Kioski
Nimesikia wote. Mimi kesho nafungua saa kumi na mbili asubuhi kama kawaida. Anayetaka kufunga aje na kufuli lake.

Baba Watatu
Niwekee mitungi miwili. Ya kufulia.