Wabunifu, kuchagua rangi tatu kali si kazi iliyokamilika!

Wanajamvi,

Nafungua uzi huu nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha. Nimechoka kuletewa nembo, vipeperushi na sare zilizobebeshwa rangi tatu kali, zote zikiwa na uzito uleule na zimegawana nafasi sawa kwa sawa, kisha mbunifu anasimama kifua mbele na kudai kwamba huo ndio ujasiri wa chapa. Rangi tatu kali hazina kosa lolote. Nazipenda, na zikipangwa vizuri mtu huitambua chapa kabla hajasoma jina lake. Ninacholalamikia ni watu wanaolipwa ili wazipange, lakini wao wakishazichagua tu wanahesabu kwamba wamemaliza.

Chukueni kazi ya mwisho iliyofika mezani kwangu. Rangi zake ni nyekundu, bluu na njano. Jina la taasisi limeandikwa kwa nyekundu juu ya usuli wa bluu, na namba za simu zimeandikwa kwa njano juu ya nyeupe. Kila anayekishika kipeperushi hicho analalamika kwamba herufi zinamchezea machoni, na macho yake hayana hitilafu yoyote: lenzi ya jicho huupinda mwanga wa bluu zaidi ya mwekundu, kwa hiyo rangi hizo mbili haziwezi kutua sawasawa ndani ya jicho kwa wakati mmoja, na wengi huona moja imesogea mbele na nyingine imerudi nyuma. Namba za simu ndizo zilizoniudhi zaidi. Mwongozo wa kimataifa wa WCAG, unaohusu kurasa za wavuti, unataka mwangaza wa maandishi ya kawaida utofautiane na wa usuli wake kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1. Njano halisi ya skrini juu ya nyeupe haifiki hata 1.1 kwa 1, na nyekundu halisi juu ya bluu halisi ni kama 2.1 kwa 1. Vikokotoo vya kupima uwiano huo vimejaa kwenye intaneti na ni vya bure. Mbunifu hakupima. Kipeperushi kimechapwa, kimegawiwa, na anayetaka kupiga simu anakigeuzageuza kwenye mwanga akitafuta namba.

Nilipohoji, nilijibiwa kwamba mchoraji Mondrian naye alitumia rangi hizohizo. Jibu hilo lilinikera kuliko kipeperushi chenyewe, kwa sababu aliyelitoa ni dhahiri hajawahi kuitazama michoro hiyo kwa makini. Katika mchoro maarufu wa Piet Mondrian wa mwaka 1930 wenye rangi hizo tatu, nyekundu imetawala upande wa juu kulia, bluu imekaa kwenye pembe ya chini kushoto, na njano ni kipande kidogo tu chini kulia. Sehemu iliyobaki ni nyeupe, na mistari minene myeusi inazitenganisha rangi zisigusane. Nyekundu ndiyo bwana mkubwa pale, na hakuna inayogombania kiti chake. Mbunifu wa mavazi Yves Saint Laurent alipouhamishia mtindo huo kwenye magauni mwaka 1965, hakupaka rangi juu ya kitambaa akaondoka. Kila kipande kilikatwa na kuungwa peke yake, na mishono ikafichwa ndani ya mistari ile. Hiyo ni kazi ya mtu aliyepima.

Na anayetaka rangi zake tatu zionekane sawa, naye hana njia ya mkato. Bendera inayopeperushwa na meli za Ufaransa haina milia mitatu ya upana sawa: bluu ni 30, nyeupe ni 33 na nyekundu ni 37 katika kila sehemu 100, ili ikitazamwa kwa mbali milia hiyo ionekane kulingana. Kama usawa wenyewe unahitaji hesabu, mbunifu anapata wapi ruhusa ya kuigawa nembo mafungu matatu kwa rula na kutuma ankara?

Sare nazo zina balaa lake. Shati lina mwili mwekundu, mikono ya bluu, kola ya njano na mifuko ya njano, hivyo anayelivaa amekatwa vipandevipande na jicho halijui limtazame wapi. Nembo iliyoshonwa kifuani imemezwa kabisa. Halafu wekundu wa shati si ule wa kipeperushi, na wa kipeperushi si ule wa skrini. Bila shaka aliyelaumiwa ni mchapaji. Skrini huunda rangi kwa mwanga, karatasi kwa wino wa sayani, majenta, njano na nyeusi, na kuna rangi nyingi zinazong'aa kwenye skrini ambazo wino huo hauwezi kuzifikia. Mbunifu anayejua hilo hukabidhi namba za rangi kwa skrini, kwa wino na kwa kitambaa. Huyu alikabidhi picha moja.

Kwa hiyo nasema wazi: asilipwe malipo ya mwisho mbunifu ambaye hajaonyesha ni rangi ipi inayoongoza na kila moja inachukua kiasi gani. Ile kanuni ya asilimia 60 kwa rangi kuu, 30 kwa ya pili na 10 kwa ya kukolezea si sheria, lakini angalau inamlazimisha mtu kuamua. Aonyeshe pia kazi hiyohiyo kwa nyeusi na nyeupe, maana nembo inayopotea rangi zikiondolewa haikuwa na umbo tangu mwanzo.

Wabunifu mliomo humu, nijibuni bila kuzunguka: mnapokabidhi rangi tatu, nani kati yenu huambatanisha vipimo hivyo bila kuombwa na mteja?