Kikundi: Jirani Mwema Ipagala – Baba Neema na namba za kidoleni

*Jumatano jioni*

Mama Neema: Majirani habari za jioni. Majibu ya Baba Neema yametoka, ni Covid. Homa imeshuka tangu jana, kikohozi ndo kimebaki. Nimeazima ile mashine ya kidoleni ya kupima oksijeni kwa Mama Baraka, inasoma 86. Jamani hiyo ni nini? Nimeishiwa nguvu.

Sista Rehema: Pole sana mdogo wangu, nipo hapa. Iache mashine kwanza, mtazame mwenyewe. Anamaliza sentensi bila kukatisha avute pumzi? Mwambie atoe ulimi, uangalie na fizi. Kwa ngozi zetu midomo ya nje haisemi kitu, bluu unaiona ndani ya mdomo. Halafu hesabu kifua kinavyopanda, dakika nzima. Usimwambie unahesabu, akijua atabadilisha pumzi.

Mama Neema: Anaongea vizuri tu, anadai uji. Ulimi kawaida. Pumzi 18.

Sista Rehema: Basi mtu na namba havikubaliani. Mtu mwenye 86 ya kweli mara nyingi anahema haraka, na ikifika 30 kwa dakika hapo hatuulizani, tunaondoka. Umekaa upande gani ukisoma?

Fundi Ndahani (vifaa tiba): Nilitaka kuuliza hilohilo Sista. Mama Neema, ukimkalia mbele unaisoma kichwa chini. Tarakimu za zile mashine ukizigeuza, 98 inakuwa 86. Kaa ubavuni kwake, usome kama anavyosoma yeye.

Mama Neema: 98! Na nyingine imeandika 91.

Fundi Ndahani: Palipoandikwa SpO2 ndiyo oksijeni. PR ni mapigo ya moyo. Usizichanganye hizo mbili, maana kuna mtu anaona 95 anatulia, kumbe ni mapigo na oksijeni iko 89.
Kingine, mashine inapitisha mwanga kwenye kidole na kusoma damu inavyodunda. Rangi ya kucha na piko vinazuia mwanga, kwa hiyo chagua kidole kisafi, cha kati au cha shahada. Mkono wa baridi nao unadanganya, na asubuhi zetu za Juni na Julai vidole vinapoa kabisa. Apashe mikono kwa maji ya uvuguvugu, akae ametulia dakika 5, mkono usitikisike. Ukishaivalisha usinukuu namba ya kwanza, subiri dakika nzima mpaka isimame. Na hesabu mapigo kwa vidole vyako kwenye kifundo cha mkono wake. Yakipishana sana na PR, usiiamini hata oksijeni yake. Badilisha betri au kidole.

Sista Rehema: Niongeze hapo kwa Fundi. Kwa watu weusi mashine hizi mara nyingi zinasoma juu kuliko ukweli. Utafiti wa Marekani wa 2020 ulionyesha wagonjwa weusi walikuwa karibu mara tatu zaidi ya weupe kuonekana wako salama kwenye mashine huku damu yao ina upungufu wa oksijeni. Ndiyo maana sipendi kusikia "tusubiri ifike 90". Dodoma tuko juu kidogo, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, hivyo mtu mzima wa afya kusoma 95 hapa si ajabu. Lakini akiwa mgonjwa na ikabaki 94 au chini, aonwe siku hiyohiyo. Chini ya 90 ni dharura, hata kama anacheka.
Mama Neema, dalili zilianza lini? Sio kipimo, dalili.

Mama Neema: Ijumaa iliyopita. Alianza na koo na mafua.

Sista Rehema: Basi leo ni siku ya 6. Hapo ndipo ninapotaka wote tuelewe. Homa ikishuka watu wanasema amepona, wanamwacha. Ugonjwa huu unageuka kati ya siku ya 5 na ya 10. Mwanzoni ni kirusi chenyewe, baadaye ni kinga ya mwili inayovimbisha mapafu, na hiyo inaweza kuja bila homa kabisa. Ana sukari, ana miaka zaidi ya 50, kwa hiyo siku hizi ndizo za kumlinda. Pima mara 3 kwa siku, andika kwenye daftari tarehe, saa, oksijeni, mapigo na pumzi.
Sasa kwa kuwa ametulia na ana 98, mtembeze hatua 40 humo ndani kwa mwendo wa kawaida, mashine iko kidoleni, wewe pembeni yake. Asimame mara moja akisikia kizunguzungu au kifua kubana.

Baba Juma: Pole shemeji. Mpe nyungu, na dexa (deksamethasoni, ya kupunguza uvimbe) na azithro (azithromaisini, antibiotiki) zipo madukani. Ndizo walizopewa wengi wakati ule.

Halima wa duka la dawa: Shikamoo Baba Juma. Naomba niseme kwa heshima zote, dexa hapana. Faida yake ilithibitika Uingereza 2020, utafiti wa RECOVERY. Miligramu 6 kwa siku hadi siku 10 zilipunguza vifo kwa theluthi kwa walio kwenye mashine ya kupumulia, na kwa moja ya tano kwa waliopewa oksijeni. Wasiohitaji oksijeni hawakupata faida. Mtu mwenye kisukari akiimeza nyumbani, sukari inapanda juu sana, na kinga inapungua wakati bado anapigana na kirusi. Azithro inaua bakteria, kirusi haikigusi.
Anachohitaji sasa ni parasetamo, vidonge 2 vya miligramu 500 kila baada ya saa 6 akiwa na homa au maumivu, visizidi 8 kwa saa 24. Dawa nyingi za mafua tayari zina parasetamo ndani, soma boksi, usijumlishe bila kujua. Akiharisha, pakiti moja ya ORS kwenye lita 1 kamili ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Sio nusu lita, chumvi inazidi. Dawa zake za sukari asiache wala asiongeze bila kuambiwa.

Baba Juma: Marahaba mwanangu. Na nyungu?

Halima wa duka la dawa: Mvuke unalegeza kamasi, hilo kweli mtu anajisikia nafuu. Ila hauui kirusi kilicho mapafuni. Tatizo ni sufuria ya maji yanayochemka chini ya blanketi na mgonjwa ambaye hana nguvu, anaungua mapaja. Wakijifunika wawili, mzima anavuta pumzi ya mgonjwa. Bora afungue madirisha mawili yanayotazamana, hata kama vumbi linaingia. Panguseni vumbi kwa kitambaa kibichi.

Mama Neema: Ametembea. Imeshuka 97, 96, imesimama 94. Amekaa imerudi 97. Anasema yuko sawa tu, hasikii kitu.

Sista Rehema: Imeshuka 4. Kushuka 3 au zaidi kwa hatua hizo chache ni mapafu yanaanza kushindwa kazi, na kutosikia kitu ndiyo hatari yenyewe ya Covid. Usiogope, ila ondokeni sasa hivi, msingoje usiku wa manane. Chukua daftari, dawa zake zote kwenye mfuko, kadi ya bima, sweta, chaja. Bajaji ipandishe mapazia hewa ipite, wote mvae barakoa. Mkifika semeni mapema, "siku ya 6, ana kisukari, akitembea anashuka kutoka 98 hadi 94". Sentensi hiyo inawaokolea muda.

Mwalimu Joyce: Mama Neema watoto walete kwangu, ila nao wavae barakoa siku hizi chache. Nawawekea chumba cha uani.

Fundi Ndahani: Nakuja na gari, dakika 10. Tutafungua vioo vyote.

*Jumapili, wiki mbili na zaidi baadaye*

Mama Neema: Nawashukuru sana majirani. Tuko nyumbani tangu jana. Kaka yake ametuazima mashine ya kuzalisha oksijeni, daktari ameandika lita 1 kwa dakika akilala tu, mpaka kliniki. Naomba maelekezo.

Fundi Ndahani: Mungu ni mwema. Iweke sentimita 30 kutoka ukutani, inavuta hewa ya chumbani, ikibanwa inapata joto na oksijeni inakuwa hafifu. Kuna kichujio cha sponji ubavuni. Vitabu vinasema uoshe kila wiki, kwa vumbi la Dodoma osha kila siku 3, kikauke kabisa kabla ya kurudisha. Kichupa cha unyevu tia maji yaliyochemshwa yakapoa hadi mstari, badilisha kila siku. Ukitaka kujua kama hewa inatoka, chovya ncha za mrija kwenye glasi ya maji, uone mapovu.
Chomeka ukutani moja kwa moja, sio kwenye kebo yenye friji na pasi. Jiko la mkaa, mshumaa, sigara, visikaribie chumba hicho. Oksijeni yenyewe hailipuki, ila cheche ndogo inageuka moto mkubwa.
Umeme ukikatika lazima kuwe na mtungi. Mtungi mkubwa wa lita 6,800 ukiwa umejaa, kwa lita 1 kwa dakika ni zaidi ya siku 4. Kwa lita 5 ni saa 22 na kidogo. Ufungwe mnyororo ukutani, ukianguka ukavunjika shingo unaruka na kuvunja ukuta. Valvu msipake mafuta wala grisi hata kidogo.

Mama Neema: Sawa kaka. Mwenyewe anataka Jumatatu arudi saiti, zege linamsubiri.

Tatu (fiziotherapia): Shikamoo Mama Neema. Hapana, tafadhali sana. Covid ina tabia ya kumwacha mtu afanye kazi leo akiwa sawa, kesho au keshokutwa anaanguka kitandani. Afanye nusu ya anachohisi anaweza, apumzike kabla hajachoka. Wiki ya kwanza kutembea uani dakika 5, mara 3 kwa siku. Asipochoka zaidi kesho yake, aongeze dakika 1 au 2. Akishuka chini ya 90, au moyo ukienda mbio bila kutulia, anaacha.
Akikata pumzi akae, ainamie mbele, viwiko juu ya magoti. Avute kwa pua, atoe kwa mdomo uliobanwa kama anayepuliza uji wa moto, kutoa kuwe kurefu mara mbili ya kuvuta. Mchana alale kifudifudi nusu saa, mto mmoja chini ya kifua na mwingine chini ya nyonga, saa moja baada ya kula. Sehemu kubwa ya mapafu iko mgongoni, akilala chali inabanwa. Kisha abadilishe ubavu.

Sista Rehema: Na angalia miguu. Mmoja ukivimba na kuuma nyuma ya goti au kwenye misuli ya chini, au maumivu makali ya kifua ghafla, hiyo inaweza kuwa damu iliyoganda. Siyo ya kukanda. Hospitali.

Mama Neema: Harufu nayo haisikii. Jana maziwa yameungua yuko jikoni, hajajua.

Tatu (fiziotherapia): Basi gesi afunge mtu mwingine usiku, na chakula cha jana aonje mwingine kwanza. Harufu inafundishwa upya. Karafuu, limau, mikaratusi na waridi, kila moja kwenye kichupa chake. Anusie kila kimoja sekunde 20 huku akikumbuka kitu hicho, asubuhi na jioni, wiki 12. Asikate tamaa wiki za mwanzo. Harufu ikianza kurudi imepinda, kahawa ikanuka kama kitu kilichoungua, ni mishipa ya fahamu inaota upya.

Halima wa duka la dawa: Karafuu ninazo, nitamtuma kijana. Mama Neema, hospitali walimpa dexa?

Mama Neema: Ndiyo, siku 10. Imeisha.

Halima wa duka la dawa: Sukari inaweza kuwa bado juu. Apime asubuhi kabla ya kula na saa 2 baada ya ugali, nitumie namba za siku 3. Naleta na vijiti vya kupimia.