MJADALA: Anthony Muñoz alistahili kuwa MVP wa NFL, au tunazidiwa na mapenzi?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Leo tuzungumze NFL, ligi kuu ya mpira wa Kimarekani, na naomba ushabiki wa timu tuuweke pembeni.

Tuzo ya MVP ya shirika la habari la AP, ile ya mchezaji mwenye thamani kubwa kuliko wote kwenye ligi, haijawahi kwenda kwa mtu wa mstari wa mashambulizi. Hata mara moja. Makwotabeki, wale wanaoongoza mashambulizi na kutupa pasi, wamejaa, wakimbiaji wamo, wakabaji wamo wawili: Alan Page mwaka 1971 na Lawrence Taylor mwaka 1986. Mwaka 1982 alipewa hata mpiga mateke, Mark Moseley wa Washington, kwenye msimu uliokatwa na mgomo ukabaki na mechi 9. Mtu anayeingia, anapiga teke, anatoka. Wale watano wanaosimama mbele ya kwotabeki na kugongana vifua kila mpira unapoanza, hakuna hata mmoja.

Nasema Anthony Muñoz, mtu wa mstari wa Cincinnati Bengals, alinyimwa haki yake, na ushahidi wangu ni huu. Mwaka 1981 MVP alikuwa Ken Anderson, kwotabeki wa Bengals. Mwaka 1988 MVP alikuwa Boomer Esiason, kwotabeki wa Bengals. Makwotabeki wawili tofauti, makocha wawili tofauti (Forrest Gregg, kisha Sam Wyche), miaka saba katikati. Misimu yote miwili timu ilishinda mechi 12, ikapoteza 4, ikafika Super Bowl, fainali ya ligi. Na misimu yote miwili, pembeni kushoto kwenye mstari, alisimama mtu yuleyule mwenye namba 78.

Shusheni hoja.

Mdau wa Nairobi

Mkuu, mimi nimetokea kwenye raga, kwa hiyo kazi ya watu wa mbele naielewa. Propu akisukumwa nyuma, hao mawinga unaowashangilia hawapati kitu. Lakini propu namwona kwenye skramu na kwenye mol, na mpira anaushika. Huyu wa kwenu hashiki mpira kabisa. Mtu utampimaje?

Mleta mada

Ndugu yangu, Muñoz mpira aliushika. Alidaka pasi 7 katika maisha yake ya mpira, na 4 kati ya hizo zilikuwa mabao. Jitu la urefu wa karibu mita 2!

Ila swali lako ni la msingi. Unampima kwa mtu aliye mbele yake. Upande wa kushoto ndipo timu nyingi huwapeleka wawinda kwotabeki wao wakali. Bruce Smith wa Buffalo, aliyemaliza na rekodi ya kuangusha makwotabeki mara 200, alikuwa anashukia upande huo. Januari 1989 Bengals waliwafunga Buffalo 21-10 kwenda Super Bowl, na kazi ya kumkabili Smith ilikuwa ya Muñoz. Rudia mechi zake, acha kuufuata mpira, mwangalie yeye tu. Miguu haivuki, mgongo haupindi, mikono inatua kifuani mwa mtu kabla huyo mtu hajaamua apite wapi. Ukishazoea kuangalia hivyo, mpira wote unauona upya.

Na wanaoijua kazi walimjua mapema. Chuoni USC (Southern California) magoti yalimsumbua, na msimu wake wa mwisho alicheza kidogo sana mpaka Rose Bowl, ile mechi kubwa ya vyuo, ya Januari 1980, USC walipowafunga Ohio State 17-16. Timu nyingi zilimwogopa. Gregg, ambaye enzi zake Green Bay alikuwa mtu wa mstari wa daraja la juu kabisa, akaenda kumjaribu mwenyewe, akajifanya mkabaji anayekuja kwa kasi. Kijana akamlaza chali. Bengals wakamchukua wa 3 kwenye mchujo (draft), ambapo timu huchagua wachezaji wapya, wa mwaka huo, na katika misimu yake 12 ya kwanza majeraha yalimkosesha mechi 3 tu. Yale magoti yale!

Mdau wa Columbus

Kaka, nampenda Muñoz kama wewe, lakini hoja yako ina tundu kubwa. Esiason ni mashoto. Anayetupia mkono wa kushoto mgongo wake unaelekea kulia. Hatari asiyoiona ilitokea upande wa kulia, na Muñoz alikuwa kushoto, mbele ya uso wake. Anderson sawa, alitupia kulia, Muñoz alimlinda mgongo. Kwa Esiason huwezi kusema hivyo.

Pia unasema mtu yuleyule alikuwepo mara zote mbili. Cris Collinsworth, mdakaji wa pasi, naye alikuwepo mara zote mbili, mbona humpi yeye? Max Montoya, gadi wa kulia kwenye mstari huohuo, naye pia. Na mwaka 1980 Muñoz alipoingia, timu ilishinda mechi 6 ikapoteza 10. Mwaka 1987 ikashinda 4 tu. Kama thamani ni yeye, ilikuwa wapi miaka hiyo?

Mleta mada

Dada, la mashoto nalikubali kama ukweli wa uwanjani, lakini halipunguzi kitu. Bruce Smith hakuhama upande kwa sababu Esiason ni mashoto. Mkabaji mkali anayekuja mbele ya uso wako unamwona, sawa, lakini kumwona hakumzuii. Halafu umesahau mbio. Bengals wa 1988 waliongoza ligi nzima kwa yadi za kukimbia na kwa pointi. Ickey Woods, mgeni kabisa kwenye ligi, alipata yadi 1,066 na mabao 15. Kijana wa mwaka wa kwanza hapiti hivyo bila watu wa kumfungulia njia.

Kuhusu 1987, msimu ule nao ulivurugwa na mgomo, mechi 3 zikachezwa na wachezaji wa kuokoteza. Lakini hata tukiliacha hilo, Esiason alikuwepo 1987. Ikiwa mechi 4 zinamwondolea Muñoz sifa, zimwondolee na Esiason. Mbona mwaka uliofuata tuzo ikaenda kwake? Hapo ndipo ninapoumia. Kwotabeki anapewa ushindi wote, hasara inagawanywa kwa timu nzima.

Mdau wa Dallas

Nawasoma wote. Huku Texas kwetu jina ni Larry Allen, mtu wa mstari wa Dallas Cowboys, Mungu amrehemu, alifariki Juni 2024 akiwa na miaka 52 tu. Alitoka chuo kidogo, Sonoma State, akachaguliwa wa 46 mwaka 1994. Desemba ya mwaka huohuo, dhidi ya New Orleans, pasi ya kwotabeki wetu Troy Aikman ilidakwa na mpinzani, Darion Conner, akachomoka nayo, uwanja wazi mbele yake. Aliyemfukuzia na kumwangusha kabla ya bao ni Allen, mwenye zaidi ya kilo 140! Mwaka 2001 alinyanyua karibu kilo 320 kwenye benchi.

Lakini Allen ndiye anayenifanya nikubaliane na dada wa Columbus. Mwaka 2000 na 2001 alikuwa kwenye ubora wake, na Cowboys walishinda mechi 5 na kupoteza 11 miaka yote miwili. Joe Thomas, mtu wa mstari wa Cleveland, vilevile: mpira ulianza mara 10,363 mfululizo yeye akiwa uwanjani bila kutoka, na hakuonja mechi hata moja ya mtoano. Ubora wanao bila ubishi. Ila tuzo inauliza nani aliibeba timu, na mtu mmoja wa mstari hawezi kubeba timu peke yake.

Mdau wa Columbus

Nakazia.

Mleta mada

Mkuu wa Dallas, Thomas na Allen wanaonyesha kwamba mtu wa mstari hawezi kuokoa timu mbovu. Sijasema anaweza. Lakini tuzo haiendi kwa timu mbovu. Swali ni kwenye timu nzuri, nani thamani yake ni kubwa zaidi. Muñoz aliitwa Pro Bowl, mechi ya nyota wa ligi, mara 11 mfululizo, akaingia Jumba la Umaarufu la mpira huu lililoko Canton mwaka 1998, mwaka wa kwanza tu wa kustahili, akawekwa kwenye kikosi cha miaka 75 ya NFL na kile cha miaka 100. Mtu anachaguliwa miongoni mwa bora wa karne nzima, halafu mnaniambia hakuna msimu hata mmoja aliokuwa bora wa mwaka?

Mdau wa Columbus

1981 nakupa nusu. Anderson mwaka 1980 alitupa mabao 6 na kupoteza pasi 13, mwaka uliofuata mabao 29 na kupoteza 10. Muñoz, kijana wa kushoto, alikuwa amekomaa, hilo silikatai. Ila mwaka huohuo aliingia Collinsworth na yadi 1,009. Toa kwanza mchango wake, kisha uniambie Muñoz anabaki na kiasi gani.

Mleta mada

Collinsworth alihitaji sekunde tatu kufika anakopokelea. Nani alizilinda?