Msaada: hati ya kumwakilisha mdogo wangu polisi Mbeya (suala la picha)

Dada wa Tukuyu, Saint Paul

Ndugu zangu wa Nyanda za Juu Kusini, mwagonile, kamwene, na wakubwa wote shikamooni.

Nina swali moja la nyaraka, na ninaomba anayejua anijibu kwa uhakika, kwa sababu nimekwisha kuzungushwa vya kutosha. Mdogo wangu, binti wa miaka 26 anayeuza mchele wa Kyela pale Mwanjelwa, alikuwa na mchumba, na katika uchumba huo alimtumia picha zake za faragha. Uchumba ulipovunjika mwezi wa nne, picha zile zilianza kuzunguka kwenye makundi ya WhatsApp kama koneksheni nyingine yoyote, yaani picha za ngono zilizovujishwa, na haikupita wiki kijana mmoja wa kibanda cha kurushia nyimbo akawa anawawekea wateja kwenye memori kadi kwa shilingi 500. Mama alipokwenda kumwangalia, alimkuta ameketi nyuma ya magunia, kitenge amekishusha hadi kwenye nyusi, mizani imefunikwa, na mteja akiuliza bei anajibiwa na mtoto wa jirani.

Alikwenda kituo kimoja cha polisi kuchukua RB, ile namba ya taarifa iliyoandikishwa. Afisa aliyempokea alitaka kwanza azione hizo picha, akaziangalia kwa muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji, kisha akamwambia kwamba sheria inamkataza mtu kuchapisha ponografia, na kwa kuwa yeye ndiye aliyepiga na kutuma wa kwanza, akifungua jalada ajiandae kuwa mshtakiwa namba moja. Alirudi nyumbani bila RB. Kanisani nako wazee wa usharika walimwondoa kwenye kwaya na kumtenga na Meza ya Bwana, ilhali yule aliyezisambaza bado anapiga kinanda katika usharika wa jirani.

Mwanasheria mmoja ameniambia kwamba ninaweza kulifuatilia jambo hili kwa niaba yake nikiwa na hati ya uwakilishi. Je, hati hiyo anaisaini yeye huko mbele ya kamishna wa viapo na kunitumia, au ninaiandaa hapa, naipeleka kwa notari wa jimbo, halafu ubalozini Washington igongwe muhuri? Namba yake ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa, ninayo. Tafadhali nisaidieni.

Mzee wa Kilolo, Leicester

Binti yangu, pole sana. Mimi nilihangaika na hati ya namna hiyo kwa miaka mitatu kwa ajili ya kiwanja changu cha Mkimbizi, na nilichojifunza ni kwamba kila ofisi ina muhuri wake inaouamini. Ya kwanza ilirudishwa kwa sababu nilisaini kwa wino mweusi. Leo kiwanja kile kina nyumba ya mtu mwingine yenye bati la kijani, na mpwa wangu hunitumia picha yake kila Krismasi, sijui kwa nia gani.

Hata hivyo niruhusu niseme neno ambalo wengine watalikwepa. Ponografia ni ponografia, iwe imetengenezwa na kampuni ya California au na binti chumbani kwake. Sisi tulilelewa tukijua kwamba mwili una staha yake na una mahali pake. Tena ninafurahi kuona kwamba siku hizi hata wanaharakati wa haki za wanawake wanaipinga, kwa hiyo tuko upande mmoja nao. Sheria iwe kali, tovuti zifungwe, na mabinti wafundishwe wasijipige picha hizo.

Binti Makete, Minneapolis

Mzee wangu, shikamoo. Kwa heshima zote, hatuko upande mmoja, na habari ya binti wa Mwanjelwa ndiyo inayoonyesha tulipoachana. Ukimwuliza mlokole ubaya wa picha ile uko wapi, atakuonyesha uchi wenyewe: anayeutazama anachafuka moyo, ndoa yake inatikisika, na jamii inapoteza haya. Ukimwuliza mfeministi, yaani mtetezi wa haki za wanawake, wa kundi la Wamarekani Andrea Dworkin na Catharine MacKinnon, swali lake la kwanza litakuwa huyo mwanamke alifanywa nini hadi picha ikapatikana, nani aliifaidi, na wanaume walioizoea wanawatendeaje wanawake walio karibu nao. Wote wawili wanasema ipigwe marufuku, lakini wakifika mahakamani kila mmoja anamleta mlalamikaji wake. Kwa mlokole, mlalamikaji ni jamii iliyochafuliwa, na mwanamke aliye kwenye picha anaweza kabisa kuwa mmoja wa wachafuzi. Kwa mfeministi huyu, mlalamikaji ni mwanamke mwenyewe. Afisa yule hakukosea kusoma kitabu chake. Kifungu cha 14 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kinauliza kama kilichochapishwa ni ponografia, na adhabu yake ni faini isiyopungua milioni 20 au kifungo kisichopungua miaka 7, au vyote viwili. Kama aliyeonekana aliridhia, kifungu hakiulizi.

Hapa nilipo ndipo jambo hili lilipojaribiwa. Mwaka 1983 wakazi wa kusini mwa jiji walikuwa wamechoshwa na maduka ya picha za ngono mitaani kwao, na baraza la jiji lilitaka tu kuamua maduka hayo yakae wapi. Dworkin na MacKinnon, ambao muhula ule walikuwa wakifundisha pamoja katika Chuo Kikuu cha Minnesota, waliliambia baraza kwamba kuhamisha duka kutoka mtaa huu kwenda ule kunamlinda mwenye nyumba za kupangisha, na wakaandika sheria ndogo iliyoitazama ponografia kama uvunjaji wa haki za kiraia. Desemba ile baraza liliwasikiliza wanawake mmoja baada ya mwingine, akiwamo Linda Marchiano, ambaye dunia ilimjua kwa jina la Lovelace kutokana na filamu ya ngono ya 1972. Alieleza kwamba aliyekuwa mumewe alimlazimisha kwa kipigo na kwa bunduki. Mamilioni walikuwa wamemwona akitabasamu. Ndipo Minneapolis ikapiga marufuku ponografia.

Dada wa Tukuyu, kuhusu hati sina uzoefu nayo. Ila mwambie mdogo wako aingie tovuti ya StopNCII, ambako simu yake itatengeneza alama ya kila picha, na alama hiyo tu, bila picha yenyewe, hupelekwa kwenye mitandao iliyojiunga ili iizuie. Pia sheria ya Marekani iliyotiwa saini Mei 2025 inayataka majukwaa yaondoe picha za namna hiyo ndani ya saa 48 baada ya taarifa, ingawa yalipewa mwaka mzima wa kujiandaa. Mwanjelwa na memori kadi zake, hapo sina jibu.

Kaka wa Mafinga, Vancouver

Binti Makete ameruka vipande viwili, na vyote ni vikubwa. Kwanza, sheria ile haikupiga marufuku kitu, kwani ilimpa aliyedhurika haki ya kufungua kesi ya madai dhidi ya mtengenezaji na muuzaji, bila polisi wala gereza. Pili, haikutumika hata siku moja, kwa sababu Meya Donald Fraser aliikataa Januari 1984. Iliyopita ni ya Indianapolis mwaka uleule, na tazameni nani aliipitisha: diwani wa kihafidhina aliyekuwa amepinga marekebisho ya katiba ya usawa wa wanawake, pamoja na Meya William Hudnut, ambaye alikuwa mchungaji wa Presbiteri. Kwa hiyo Mzee wa Kilolo hakukosea sana, maana walioshindana katika kila jambo lingine walikaa benchi moja siku ile. Mahakama ya rufani iliifuta 1985. Jaji Easterbrook alikubali kwamba ponografia huendeleza kumdunisha mwanamke, kisha akasema kwamba huo ndio ushahidi wa nguvu yake kama kauli, na kauli inalindwa na katiba.

Wala wafeministi wote hawakuwa nyuma ya akina Dworkin. Lilikuwapo kundi zima la wanawake lililokwenda mahakamani kuipinga sheria ile, likihofia kwamba ukimpa mwenye mamlaka mkasi, hatakata pale ulipomwonyesha. Huku Kanada tuliliona hilo kwa macho. Mwaka 1992, katika kesi ya Butler kuhusu ponografia, Mahakama ya Juu ya Kanada ilikubali hoja ya madhara kwa wanawake badala ya hoja ya maadili, na wafeministi wengi walishangilia. Hata hivyo watu wa forodha waliendelea kuzuia mizigo ya duka moja dogo la vitabu la mashoga na wasagaji hapahapa Vancouver, kama walivyokuwa wakifanya zamani, na duka lile lilihangaika mahakamani kwa miaka. Hoja ilibadilika, mkono uliofungua maboksi ulikuwa uleule.

Na nyumbani je? Mei 2025 mtandao wa X ulipofungwa, sababu iliyotolewa na waziri ilikuwa ponografia. Mwaka wa uchaguzi! Mimi siwatetei wauza picha za ngono, ila ninauliza ni binti gani wa Mwanjelwa aliyepumua siku ile.

Mchungaji mstaafu, Rungwe

Wanangu, nawasalimu kutoka nyumbani, ambako leo ukungu haujaondoka tangu asubuhi na nimewasha jiko la mkaa ndani kinyume cha ushauri wa daktari.

Neno "mlokole" limetumika kama tusi, nami silikubali. Nilikaa Ujerumani miaka kumi na moja, na niliwaona wanawake wa Alice Schwarzer, mfeministi wa hukohuko, walipoanzisha kampeni yao ya PorNO mwaka 1987. Nilisoma vipeperushi vyao vyote kwa kamusi, na sikuona sababu ya kuwaogopa. Pingamizi letu halisi halianzii kwa mwanamke. Katika Mathayo 5:28 Bwana anasema kwamba kila amtazamaye mwanamke kwa kumtamani amekwisha kuzini naye moyoni mwake. Nani mtuhumiwa katika aya hiyo? Ni mtazamaji. Ayubu naye alifanya agano na macho yake mwenyewe, hakutoa amri juu ya mavazi ya wasichana wa jirani. Kwa hiyo wazee waliomtenga binti yule na kumwacha mpiga kinanda hawakufuata msimamo wa dini wa kihafidhina. Walifuata desturi ya wanaume, wakaivika joho.

Ninapotofautiana na Binti Makete ni hapa. Ninyi mkishathibitisha kwamba mwanamke aliridhia, alilipwa vizuri na hakupigwa, hamna la kusema zaidi. Mimi bado ninalo. Kijana wa miaka kumi na minne anayejifunza juu ya mke wake wa baadaye kutoka kwenye simu, amepokonywa kitu hata kama waliomo kwenye filamu wote wamesaini mikataba.

Binti Makete, Minneapolis

Mchungaji, shikamoo na samahani kwa neno lile. Kaka wa Mafinga, asante kwa masahihisho, ingawa ungeweza kuyaandika bila ukali. Mchungaji, tunalo la kusema. Dworkin hakuridhika hata kidogo na hoja ya ridhaa, kwani alisema mkataba unaosainiwa na mwenye njaa si uhuru. Kuhusu kijana wa miaka kumi na minne ninakubaliana nawe, ila mimi namwonea huruma zaidi huyo mke wa baadaye.

Mama wa Mlandege, Birmingham

Assalam alaykum na kamwene. Naomba isionekane kwamba dini ni Mathayo peke yake. Katika Suratun Nur, aya ya 30 inawaamrisha wanaume wainamishe macho yao, na wanawake wanafuata katika aya ya 31. Mpangilio huo masheikh wetu wa Iringa walikuwa wakiupita haraka sana, na marehemu bibi yangu alikuwa akiwakumbusha kwa sauti kutoka nyuma ya pazia.

Majirani zetu Waganda walitunga Sheria ya Kupambana na Ponografia mwaka 2014. Muda mfupi baadaye wanawake walivuliwa nguo mitaani na makundi ya watu walioamini kwamba sketi fupi imeshaharamishwa. Baadaye picha za mwanamuziki mmoja zilipovujishwa na aliyekuwa mpenzi wake, waziri wa maadili, aliyewahi kuwa padri, alitaka mwanamuziki huyo akamatwe. Mahakama ya Katiba ilifuta vifungu muhimu 2021. Hapa Uingereza sheria ya 2015 ilitaka uthibitishe kwamba msambazaji alikusudia kukutesa, na ndiyo wengi walivyoponyoka kwa kusema walikuwa wakitania. Tangu Januari 2024 inatosha kwamba hukuridhia, na yeye hakuwa na sababu ya maana ya kuamini kwamba uliridhia. Sheria hiyo haiulizi kama picha ni chafu, wala nani aliipiga kwanza.

Mzee wa Kilolo, wewe ni baba. Umeandika mabinti wafundishwe. Yule kijana wa kibanda, shilingi 500 kila kadi, ni nani wa kumfundisha?

Mzee wa Kilolo, Leicester

Sikusema vijana wasifundishwe. Mnanisomea nisichoandika. Na kuhusu wino, nasisitiza, usaini kwa wino wa bluu.

Dada wa Tukuyu, Saint Paul

Asanteni wote. Nimemsomea mdogo wangu maneno ya Mchungaji kwa simu, akanyamaza, kisha akaniomba nimtumie kwa maandishi ili ampelekee mama akawaonyeshe wazee wa usharika. Aliyaandika upya kwa mkono kwenye karatasi ya daftari la madeni ya mchele, kwa kuwa simu haigusi tena isipokuwa ninapompigia mimi. Alama za StopNCII amezitengeneza kwa simu ya mama. Kijana wa kibanda amehamia Kabwe, na inasemekana bado anarushia.

Juzi alirudi kituoni akiwa na shangazi. Safari hii waliwapeleka dawati la jinsia, na dada aliyekuwapo hakuomba kuona picha, bali aliuliza nani alizituma, lini, na kwa ridhaa ya nani. Ila naye amesema mimi nikitaka kufuatilia nikiwa huku, hati lazima iwe na muhuri unaotambulika. Wa nani, hakusema. Kwa hiyo ninarudia swali langu: ni kamishna wa viapo wa Mbeya, au ni ubalozi?