Tupeane uzoefu: kugeuza picha za maua kuwa sanaa kwa filta

Mleta uzi
Wakuu, uzi huu ni wa wanaoediti picha za maua zionekane kama zimechorwa. Taja programu, namba unazotumia, na panapoharibika. "Inapendeza" peke yake haimsaidii mtu.

Msanapiti
GIMP, ni ya bure. Kata picha, ondoa chenga (vidoti vidogo vya kelele), rekebisha mwanga, ndipo uje kwenye filta. Chenga zikibaki kwenye kivuli, Oilify (filta inayofanya picha ionekane kama mchoro wa rangi za mafuta) nayo itazichora, na nyuma ya ua patajaa madoa.

Halafu ukubwa. Oilify inahesabu kwa pikseli. Mask Radius (ukubwa wa mguso wa brashi) 4 kwenye picha ya upana wa pikseli 1000 inaonekana wazi. Kwenye ya 4000 huioni mpaka uvute karibu. Hapo anzia 12 hadi 16. Filta ipige kwenye nakala ya leya (tabaka la picha), kisha shusha opasiti (uzito wa kuonekana kwake) hadi asilimia 70 ili mishipa ya petali irudi. Katikati ya ua, penye chavua, pasiguswe: weka maski (kifuniko cha leya) nyeupe kwenye hiyo nakala, paka nyeusi kwa brashi laini hapo katikati ili picha ya asili ionekane.

Fundi wa mawaridi
Maua mekundu ndiyo yenye kesi. Chaneli nyekundu (sehemu ya picha inayobeba rangi nyekundu) inafika 255, kiwango cha mwisho, mapema kuliko kijani na bluu, mikunjo ya petali inapotea, filta inakosa cha kuchora. Unabaki na bapa jekundu tu. Kinga ni wakati wa kupiga: shusha mwanga hadi -0.7 au -1, na uangalie histogramu (grafu ya mwanga) ya nyekundu peke yake, maana ile ya jumla hudanganya.

Kama imeshaungua, mara nyingi chaneli ya kijani bado ina mikunjo. Itoe iwe leya ya kijivu, iweke juu kwa Soft Light (namna ya kuchanganya leya), opasiti asilimia 40 hivi, halafu ndiyo upige filta.

Kamera mbovu
Wa Photoshop: Filter Gallery (menyu ya filta za sanaa) ikififia haibonyezeki, picha huenda iko biti 16. Nenda Image, Mode, 8 Bits/Channel.

Langilangi
Kwa duara la nakshi tumia Polar Coordinates, filta inayokunja picha iwe duara. Ukiipiga moja kwa moja utapata mstari unaokata duara, kwa sababu ukingo wa kushoto na wa kulia vinakutana bila kufanana. Nakili picha, igeuze kama kwenye kioo, ziunganishe ubavu kwa ubavu, punguza upana iwe mraba, ndipo upige.

Msanapiti
Langilangi umemaliza. Niongeze: picha iliyotumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida usiifanyie kazi. Imebanwa, na filta itakuza vile vijiraba vya JPEG. Mwambie mtu atume kama dokumenti. Ya kuchapa A4 kwa dpi (nukta kwa inchi) 300 inataka pikseli 2480 kwa 3508, na faili la XCF (la GIMP, lenye leya zote) lihifadhi, mteja akitaka rangi nyingine usianze upya.