Mende wadogo wa kahawia wamenishinda, dawa ya kopo haiwamalizi. Naomba ushauri

MamaWawili
Wadau, habari za jioni. Niko Kampala, napanga muzigo, yaani chumba kwenye safu ya vyumba vya kupanga, upande wa Bwaise. Mende wamenishinda. Si wale wakubwa wekundu wa chooni, hawa ni wadogo. Nikiwasha taa usiku wanakimbilia nyuma ya friji na kwenye bawaba za kabati la vyombo. Nikipuliza dawa ya kopo wanakufa wachache, kisha wanarudi wengi zaidi. Vyombo naosha kila usiku, unga nafunga. Mtoto wangu mdogo ana pumu, siwezi kuendelea kujaza dawa chumbani anamolala. Nifanyeje?

KijanaWaBombo
Pole mama. Kuna vijana wanatembeza dawa ya maji kwenye vichupa. Haina jina, lakini ukinyunyiza tu, asubuhi unazoa kwa ufagio.

FundiWadudu
Ndugu yangu wa Bombo, hapana, tena mbele ya mtoto wa pumu! Chupa isiyo na lebo hujui ndani mna nini. Baadhi ya dawa za shambani ni organofosfeti, sumu zinazodhuru neva, zinaingia mwilini kwa pumzi na hata kwa ngozi. Jikoni si mahali pake.

Mama, kwanza tumjue mdudu mwenyewe. Mnase mmoja kwa gundi, umtazame mgongoni, nyuma tu ya kichwa. Ana mistari miwili myeusi iliyo sambamba? Urefu ni kama sentimita moja na nusu?

MamaWawili
Mistari ipo, na urefu ni huo huo. Mmoja ana kitu kama kidonge kimetokeza nyuma.

FundiWadudu
Basi ni mende wa Kijerumani, Blattella germanica. Hicho kidonge ni kifuko cha mayai, ndani mna 30 hadi 40. Jike hukibeba mpaka mayai yakaribie kuanguliwa, na miezi miwili mitatu baadaye hao watoto nao ni wazazi. Dawa ya kopo inaua aliye mbele yako, waliomo ndani ya ufa haiwafikii. Isitoshe, mende hawa wamejenga usugu kwa dawa nyingi za kupuliza.

Tafuta jeli ya chambo, ile ya kwenye bomba kama la sindano, lebo iseme fipronili au imidaklopridi. Weka matone madogo, mengi: kwenye bawaba, chini ya sinki, nyuma ya friji karibu na mota ambako kuna joto. Tone moja kubwa halisaidii, maana huyu haendi mbali na maficho yake. Akila hafi hapo hapo. Anarudi kufia ndani, wenzake wanakula kinyesi chake na mzoga wake, sumu inawafikia hata watoto wasiotoka nje. Hilo kopo halitakufanyia.

Ukishaweka jeli usipulize kitu hapo, wala usipafute kwa jiki, wataikwepa. Na jeli iweke mahali mtoto asipofika.

Hajati_Arua
Kwangu poda ya asidi ya boriki ilisaidia sana. Nyunyiza nyembamba mno ndani ya nyufa, wakiona rundo wanalizunguka. Isiguse chakula, wala mtoto asiishike. Halafu kuhusu pumu: kinyesi cha mende na magamba wanayojivua ndivyo vinavyomchokoza mtoto, hata mende wakishakufa. Futa kwa kitambaa kibichi, usifagie kavu vumbi likapanda.

KijanaWaBombo
Sawa fundi, nimekuelewa. Lakini kwenye mizigo, vyumba hivi vya kupanga, ukuta ni mmoja. Jirani asipoweka si watarudi?

FundiWadudu
Watarudi, na hapo ndipo wengi wanakata tamaa. Mende huyu haishi porini, anasafiri na vitu vya watu: makatoni ya soko la Kikuubo, friji za mitumba. Kagua kabla ya kuingiza. Ziba tundu za nyaya na mabomba. Ongeeni na mwenye nyumba vyumba vyote viwekewe jeli siku moja, hata mkichanga.

MamaWawili
Mwenye nyumba nitampigia kesho. Nitajuaje kama wanapungua?

FundiWadudu
Weka karatasi ya gundi nyuma ya friji na chini ya sinki, hesabu kila wiki. Ukiona bado wananasa vitoto vyeusi vyenye mstari mweupe mgongoni, mayai yanaendelea kuanguliwa karibu na hapo. Ongeza jeli upande huo.