Naomba ushauri: mchuzi wa mayai wa Kitelugu unabaki mwepesi

Wapishi, hamjambo? Napika kodi guddu pulusu, ule mchuzi wa mayai na ukwaju wa Andhra Pradesh na Telangana, majimbo ya Watelugu kusini mwa India. Mayai nayachemsha, nayachanja, nayakaanga kwa manjano na pilipili. Kisha haradali, uwatu kidogo, majani ya mchuzi, vitunguu, halafu maji ya ukwaju. Harufu safi kabisa, jirani anabisha hodi! Shida ni rojo: jepesi, uchachu umetangulia, mafuta hayapandi juu. Wapo wanaotia sukari guru, wengine unga wa mchele. Nazi sitaki, utageuka mchuzi wa pwani. Je, nichemshe zaidi kabla ya kutia mayai, au niongeze vitunguu? Na mayai yakikaangwa ngozi inakuwa mpira, moto uweje?